Hata kigoda wamekibeba

Jua la saa nne limeshaupasha moto mwalo wa Katonga, kando ya ziwa. Stephania Feliksi anapita kati ya chanja zake akigeuza dagaa kwa viganja, taratibu, kama anayekanda mgongo wa mtoto. Kila baada ya muda anasimama, anafungua pindo la kitenge, anatazama simu, analifunga tena.

Mjukuu wake Selina, mwenye miaka mitano, yuko kivulini akifukuza kunguru.

"Bibi, mama amepiga?"

"Bado. Angalia kunguru huyo."

Dagaa ndio waliomtunza Stephania tangu mumewe afariki. Siku njema, akishawalipa wavuvi, hubaki na shilingi elfu saba. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi haiendi kuvua, naye hana cha kuanika. Hayo ameyazoea. Wiki hii kinachomnyima usingizi si dagaa. Ni ng'ombe.

Binti yake Angelina yuko Uswisi, katika kijiji kilichokaa mlimani. Aliolewa na Bonaventura, kijana wa kambi ya wakimbizi, na wote wawili wakachukuliwa huko. Siku familia zilipohesabiwa kambini, Selina alikuwa Katonga kwa bibi yake, anaumwa surua. Wakaondoka bila yeye.

Sasa kibali cha mtoto kuwafuata wazazi wake kimetoka. Kilichobaki ni bibi kukubali na kutaja mwezi wa safari.

Alikuwa amekaribia kukubali. Sauti alizotumiwa na Angelina kwa simu zilimlainisha, ingawa mengi hakuyaelewa. Alisikia kwamba theluji inayeyuka na maji yananguruma chini ya nyumba usiku kucha. Kwamba watu wanatoa viti nje, wanafumba macho na kujianika kama dagaa. Kwamba magodoro yananing'inizwa madirishani na hakuna aliyekojoa kitandani. Wanasherehekea masika, alisema Angelina.

"Nikamuuliza, mvua imenyesha? Akasema hapana, jua limetoka," ananisimulia Stephania. "Masika gani hayo ya jua? Nikasema sawa, mwanangu, mradi unakula."

Kisha ikaja video.

Inaonyesha barabara inayopanda mlima. Ng'ombe wanatangulia, kengele kubwa shingoni, maua kichwani. Nyuma yao wanakuja watu wazima, watoto na wanawake wenye mizigo mgongoni. Mbele kabisa yuko ng'ombe mmoja mwenye kigoda kilichofungwa kati ya pembe, miguu juu. Sauti ya Angelina inasema: "Mama, tunahama na ng'ombe, kijiji kizima. Huko juu simu haishiki. Usihangaike."

Baada ya hapo, kimya.

Stephania aliizungusha video hiyo mwalo mzima. Jirani yake Veneranda, Muha wa Kasulu aliyekulia kwenye ng'ombe, aliitazama akapiga vigelegele. Kwake ng'ombe aliyepambwa hawezi kuwa jambo jingine: ni mahari, kuna binti anaolewa. Assani, fundi simu wa sokoni Mwanga, alisema Veneranda amepotea, hilo ni tangazo la maziwa.

Stephania hakucheka. Mwaka 1996, ng'ambo ya ziwa, katekista wa kijiji chao alipiga kengele asubuhi isiyo ya Jumapili. Watu wakatoka na mbuzi na mafurushi wakishika njia moja. Angelina alikuwa mgongoni, hajui kitu.

"Mama yangu aliacha sufuria, akabeba kigoda," anasema. "Mpaka leo sielewi. Mtu akikimbia, akili hubaki nyuma." Ndicho kigoda anachokikalia sasa. "Nilipoona kwenye video hata kigoda wamekibeba, nikasema basi. Vita imewafikia na wao."

Akaenda kumwambia ofisa wa safari kwamba mtoto haendi. Ofisa akamhakikishia kuwa Uswisi ni salama. Akamjibu kwamba hata kwao, ng'ambo ya ziwa, waliambiwa hivyo. Akarudi, akatandika mkeka wa pili chumbani na kuweka kando debe la dagaa wakavu, kwa ajili ya watakaofika.

Simu inalia tukiwa bado tunazungumza. Stephania anaiweka sauti ya juu, mikono ikinuka samaki.

"Uko wapi?"

"Shikamoo Mama. Nimesharudi kijijini, huku simu inashika."

"Nani amewafukuza?"

Angelina anacheka, kisha anaacha kucheka. Anaeleza polepole. Hakuna aliyefukuzwa. Kipindi chote cha baridi ng'ombe hufungiwa zizini. Majani yakiota juu mlimani wanapelekwa huko, na kijiji huwasindikiza. Bonaventura na wachungaji watabaki nao wakitengeneza jibini, wengine wamesharudi.

"Na kigoda?"

"Cha kukamulia, Mama. Anayeongoza kundi ndiye huvishwa. Ni pambo."

"Kigoda ni pambo," anarudia Stephania, kama anayeonja chakula kigeni. "Na hao wa juu, wanarudi?"

"Mwezi wa tisa. Kila mwaka wanarudi, kwa kengele hizohizo."

Simu inakatika. Veneranda, aliyekuwa akisikiliza kutoka chanja ya pili, anauliza kwa huzuni kama ndiyo kusema hakuna harusi.

Stephania amekaa. Anakiri hajaelewa yote: kwa nini maua, kwa nini kijiji kizima kimsindikize ng'ombe. Lakini jambo moja amelishika, na kesho atalipeleka kwa ofisa.

"Aende mwezi wa tisa," anasema. "Afike wakati wanashuka. Asianze kwa kuona watu wanaondoka, hiyo tunayo ya kutosha. Asimame barabarani na mama yake, asikie kengele, aone watu wanarudi nyumbani."

Selina amekuja, ameegemea goti la bibi yake. Anagusa kigoda na kuuliza kama atakifunga kichwani akienda.

"Hicho kinabaki," anajibu Stephania, akiinuka kugeuza dagaa. "Utakikalia ukirudi."