Mashavu ya Farasi wa Dada

Dada yangu akisema hataki, usipoteze mate yako. Mimi nina mashine ya kusaga mahindi. Yeye ana mkokoteni na farasi jike tuliyemwita Mwalimu, maana hakupenda kuharakishwa. Tangu shemeji afariki, wawili hao ndio walionibebea unga kwenda madukani, na kwa kazi hiyo dada aliwalea wanawe.

Pumba zilikuwa wazo langu. Zilijaa nyuma ya mashine, nami sipendi kuona kitu kizuri kikitupwa, nikamwambia aache kuhangaika na majani, achukue pumba bure. Mwalimu alizila asubuhi na jioni karibu mwaka mzima, pumba tupu. Uso wake ukaanza kujaa pande zote mbili, juu ya pua. Niliwaambia wateja kwamba farasi wa dada ana mashavu kama bibi harusi, tukacheka. Tulidhani ananawiri.

Kisha akaanza kuchechemea, leo mguu huu, kesho ule. Siku aliposhindwa kabisa kuuvuta mkokoteni, dada alimwita daktari wa mifugo. Daktari alimbonyeza usoni, akauliza anakula nini. Nilijibu mimi, tena kwa fahari. Alitueleza taratibu kwamba pumba kidogo, kavu, zisizo na ukungu, zikichanganywa na majani hazina neno. Lakini zikiwa ndiyo mlo wenyewe, zina fosforasi nyingi na kalisi haba, hivyo mwili huanza kuichota kalisi kwenye mifupa. Yale mashavu yalikuwa mfupa uliolainika na kuvimba. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kesho yake alikuja mnunuzi wa wanyama waliochoka. Nami, kwa aibu yangu, nikamshauri dada auze yaishe.

"Kaka, huyu hakujilisha mwenyewe," alisema. "Hauzwi."

Akaazima toroli, akawa anasukuma unga mwenyewe, mzigo nusu, safari mara mbili. Kabla hakujapambazuka alikuwa ameshakata majani, mengine ya jamii ya kunde, na kuyachanganya na chokaa ya mifugo, ya kurudisha kalisi, kwa kipimo cha daktari. Majirani walimtania kwamba sasa farasi ni yeye. Aliwajibu kwamba kama ni hivyo, wampishe njia. Viganja vyake vilichubuka vikawa sugu, na kila nilipomwona akipita nilijichukia.

Mwezi wa saba wa matibabu, Mwalimu alitembea sawasawa. Wa tisa, daktari akamruhusu mzigo mwepesi. Mifupa ilikuwa imekaza, ila uso ulibaki vilevile.

Siku ya kwanza ya kazi Mwalimu alisimama mwenyewe mlangoni kwangu, kama zamani, akanyoosha shingo ndani. Wateja walikuwa wamejaa. Mimi nikajifanya nahesabu magunia. Dada akaingia, akachukua bakuli dogo, akachota pumba, akazisawazisha kwa kiganja mpaka zikalingana na ukingo, akaja kunishikisha.

"Mpe wewe," alisema. "Kiasi hiki tu. Amekungoja siku nyingi."

Machozi yalinitoka mbele ya watu wote, wala sikuyafuta. Nilimshikia Mwalimu bakuli mpaka akamaliza, mkono wangu mwingine ukiwa juu ya ule uvimbe ambao hautaondoka.