Droo ya Mkutubi

Mkutubi wa chuo ana vidole vyenye madoa ya wino na sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Kila kitabu kinachorudishwa hukigonga muhuri, akapuliza wino ukauke, ndipo hukirudisha rafuni. Isipokuwa vya binti mmoja wa mwaka wa pili. Kila mwezi, siku chache kabla ya hedhi, binti huyo huingia macho yamemvimba, akabwaga vitabu vyote mezani.

“Naacha chuo, mama. Sina akili ya kusoma.”

“Haya, mwanangu,” humjibu, akavitia kwenye droo bila kuvigonga muhuri. Wiki ikipita binti hurudi na haya zake, naye humkabidhi vitabu, vipande vya karatasi bado viko kwenye kurasa alizoishia.

Mwezi huu binti alikuta droo imeshafunguliwa, tupu.

“Umejuaje ni leo?”

Mkutubi akamsogezea kalenda yenye duara za penseli. “Tazama, kila mwezi unakata tamaa siku hizihizi, kabla ya hedhi. Kaionyeshe zahanati, wakutafutie dawa.”

Binti alizihesabu duara moja moja. Kisha akavipanga vitabu drooni, akabakiza kimoja kwapani.