Kaniki ya Mke wa Gavana

Mume wangu alipofanywa akida na Wajerumani, mshahara ulikuwa wake, kazi tukagawana. Yeye alikaa barazani kusikiliza kesi za ng'ombe. Mimi nilikuwa na msururu wangu uani: wajawazito, wake waliopigwa, watoto wenye macho mekundu, na wengine waliokuja kunywa uji tu kisha wakanisema mpishi mbaya. Hakuna aliyeniajiri. Nilizaliwa pwani, na nilipoletwa huku Dodoma nilinuna mwaka mzima, mpaka mke wa jumbe wa kijiji cha jirani akanifundisha kupika mlenda na kunikumbusha kwamba kununa hakumshibishi mtu.

Kiangazi kimoja, reli ikiwa imeshatufikia, ikaja habari kuwa mke wa gavana anatoka Dar es Salaam kwa gari moshi kuwaona kina mama na watoto. Ndiyo kazi aliyojitwisha: mume anatawala, yeye anazunguka na dawa za macho na nguo za watoto. Nilimhesabu mwenzangu, ingawa yeye alikuwa na mpishi.

Bwana wa boma, yule Mjerumani mkuu wa wilaya yetu, akatoa amri. Wanawake wote wa kijiji cha yule jumbe wajipange kando ya reli na watoto wao, wamevaa nguo nyeupe, maana mgeni anapenda usafi na picha itapigwa. Akaleta na majora ya merikani nyeupe. Kisha akamwambia jumbe, mbele ya mume wangu, kwamba wanawake wasipotoka, yeye atalazwa chini ale hamsa ishirini, vile viboko vya bomani ambavyo hata kijana mwenye misuli huondoka navyo akitambaa. Jumbe alikuwa mzee wa kifua kibovu. Alikwisha kushindwa mara moja kuleta vibarua wa reli, akasamehewa, na msamaha wa pili haukuwapo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Wetu alikuwa hajafika na mwenyeji yuko hoi.

Asubuhi ya siku yenyewe, kando ya reli hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Nilikwenda mbio kijijini. Niliwakuta wamejifungia ndani ya tembe zao, majora ya merikani wameyatupa nje kwenye vumbi. Mke wa jumbe alinieleza bila kunificha. Uwele walikwisha kuupanda katika udongo mkavu, mbegu ziko chini zinangoja, na mawingu yameanza kujikusanya. Siku kama hizo kila mtu huvaa nyeusi, rangi ya wingu lenye maji. Mwenye kuvaa nyeupe anaifukuza mvua.

Nikamuuliza kama anajua mumewe atafanywa nini. Alijua.

"Akipigwa yeye, nitamkanda," alisema. "Mvua ikikimbia, mwanangu, nitawakanda wangapi?"

Hasira zilinipanda. Nilimkasirikia bwana wa boma, aliyekaa nchi hii miaka yote ile asiulize jambo ambalo kila mtoto analijua. Nilimkasirikia mume wangu, aliyeibeba amri kimya kama punda abebavyo mtama. Hasira zilipopoa kidogo nikaomba kaniki mbili, zile shuka nyeusi. Moja nikajifunga, nyingine nikaikunja kwapani, nikapiga moyo konde nikaenda stesheni.

Gari moshi lilikwisha kufika. Mgeni alikuwa kivulini anakunywa chai, mweupe pe kuanzia kofia hadi viatu, na bwana wa boma alikuwa ng'ambo ya reli akiwafokea askari. Askari mmoja alinishika mkono anitoe. Yule mama akamwambia aniache. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Nilimweleza habari ya mbegu, ya mawingu, na ya mzee anayengoja kiboko. Kisha nikaikunjua ile kaniki mbele yake.

Aliigeuzageuza, akainusa. "Na mimi nikivaa hii, nitaonekanaje?"

"Utaonekana mtu anayetaka mvua, Bibi."

Akaweka kikombe chini, akasimama, akanipa mgongo nimfunge.

Bwana wa boma aliporudi alimkuta mke wa mkubwa wake yumo ndani ya kaniki kutoka kwapani hadi viatuni. Alifungua mdomo, akaufunga. Nilimpenda kidogo kwa kule kuufunga.

Tuliongozana na mgeni kwa miguu mpaka kijijini. Wanawake walikuwa wamepanda juu ya mapaa bapa ya tembe wakichungulia. Walipoiona kaniki inakuja, na uso mwekundu juu yake, kwanza walicheka, tena sana, halafu wakashuka na watoto mgongoni, na waliokuwa na ngoma wakazibana magotini wakapiga. Yule mama alipiga magoti kwenye vumbi akawatia watoto dawa ya macho kwa mkono wake mwenyewe. Nguo alizowaletea zilikuwa nyeupe zote. Nilipomnong'oneza, alisema basi zibaki sandukuni mpaka mvua inyeshe.

Jumbe alisimama wima muda wote. Nilimletea kigoda, akakikataa. Nilidhani ni adabu kwa mgeni. Bwana wa boma alimpita bila kumtazama, akarudi stesheni na mgeni wakapanda gari moshi, nasi kijijini tukalisikia likiondoka. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Hakupigwa. Nililisema neno hilo moja mara nyingi, kama mtu aliyeokota kitu chake.

Ndipo mke wa jumbe akamvuta mumewe nyuma ya zizi. Nilisikia kikohozi, kisha kicheko, nikaenda kutazama. Alikuwa anamfungua ngozi ya mbuzi, imekunjwa mara mbili, aliyomfunga makalioni chini ya nguo tangu alfajiri. Mzee alikuwa amelowa jasho chapa.

"Nilidhani itapunguza," mama yule aliniambia.

Nikacheka nao mpaka mbavu zikauma. Bomani mtu huvuliwa nguo kwanza, ndipo hulazwa. Sikuwaambia, kwa kuwa siku ile hawakuhitaji kujua.