Motokari ya Baba wa Bibi Arusi

Jirani yangu hapa Likasi alinunua motokari ya kifahari, ndefu, ambayo Wazungu walikuwa wamekwisha kuichoka. Ilikuwa na viti vya ngozi, na taa nyekundu ya injini isiyozimika. Fundi alimshauri anunue pikapu ya kawaida.

"Pikapu ni ya kubeba mihogo," alimjibu, huku akipangusa boneti kwa leso yake.

Jumamosi iliyopita tulimpeleka binti yake kuolewa Kapolowe. Mimi nilikaa nyuma pamoja na bibi arusi, nimeshika maua. Njiani motokari ilishusha pumzi, ikainamia upande mmoja, ikazima. Jirani alishuka, akaipapasa ubavuni kama mtu anayepima homa.

Pikapu ya makaa ikasimama. Dereva akaita, "Bibi arusi, panda! Padri atachoka kungoja."

Binti akakunja gauni lake jeupe. "Papa, twende."

"Muende. Miye nitabakia. Bantu banaweza kuiba mataa."

"Papa, leo ni mariage yangu!"

"Na hii ni motokari yangu."

Tukapanda. Nikamwongoza binti mpaka altareni, mimi jirani tu, naye gauni limejaa vumbi la makaa. Baada ya misa alimpigia simu baba yake.

"Papa, tumekwisha kuoana."

"Aksanti Mungu! Sasa uliza bantu ba kule kama kuko fundi wa motokari."

Wanaomwita baba asiye na upendo wanamwonea. Siku ile hakubanduka hata hatua moja kando ya kipenzi chake.