MSc Finance au MBA: mume wangu alinijibia mbele ya wakwe

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni afisa mikopo kwenye benki moja hapa Sumbawanga. Kazini walikubali kunisomesha masters, ila nichague: MBA au MSc Finance. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Mume wangu ananunua mahindi na kuyavusha mpaka wa Kasesya kwenda Zambia. Yeye alitaka MBA, nikimaliza niendeshe biashara yetu.

Mimi nilitaka Finance. Napenda risk, napenda kuukagua mkopo mpaka nione utakwamia wapi. Shida ni kwamba kitengo cha risk kiko makao makuu, Dar. Kwa hiyo kuchagua kozi ilikuwa kuchagua tutaishi wapi, na kama tutaishi pamoja.

Jumapili baada ya misa tukaenda kijijini Kate kwa wakwe.

Sasa ile nyumba ina utaratibu wake. Mke wa mtoto hamjibu baba mkwe moja kwa moja. Mzee anamuuliza mwanawe, mwanawe anakuuliza wewe, unamjibu, naye anafikisha. Na hapo mmekaa sebule moja, mnasikiana kabisa.

Mzee akasema, "Muulize mkeo anakwenda kusomea nini."

Mume akanigeukia. Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Finance."

Akamgeukia baba yake. "Anasema MBA, baba. Akimaliza anarudi tusaidiane."

Wakuu, hasira zilinipanda. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, alisikia vizuri, akainamisha macho kwenye ugali wake wa ulezi.

Nikapiga goti. "Baba, nisamehe. Mimi nimechagua Finance. Nikimaliza, kazi yangu itakuwa Dar."

Mzee hakuniangalia. Akamwambia mwanawe, "Mwambie mkeo nimesikia."

Mume akanigeukia. "Baba amesikia."

Tukarudi mjini. Jumatatu nikapeleka jibu langu.

Sasa niko Dar, muhula wa kwanza. Masomo nayapenda sana. Mume akipokea simu anaongea na mimi kama mteja wa mahindi. Inauma, sitawadanganya.

Nilichojifunza: ukitaka kuongoza watu na biashara, soma MBA. Ukitaka kuzama kwenye namba, soma Finance. Ila malizaneni nyumbani kabla hamjafika kwa wazee.

Mliosoma mbali na wenza wenu, njooni hapa. Mlirudije kuongea?