Kola Iliyokatwa kwenye Mkataba

Fundi wa magauni alikuwa na ugonjwa mmoja: karatasi ngumu haikupita mbele yake ikabaki nzima. Kadi za harusi, kalenda za zamani, maboksi ya viatu, vyote alivikata umbo la kola au mfuko, akavitundika msumarini ili avitumie kukatia vitambaa. Alipanga vyumba viwili. Cha nyuma analala na binti yake, cha mbele, kinachotazama barabara, ndimo ilimo cherehani na ndimo wanamoingilia wateja. Mwondolee hicho cha mbele, umemwondolea ugali wa mtoto.

Mwenye nyumba alipofariki, mwanawe akaja amevaa suti, kashika mkoba, kalamu iko tayari mkononi.

"Shikamoo, mama. Wapangaji wote wanasaini mkataba mpya. Utaratibu tu huu. Weka sahihi hapa chini."

"Marahaba, baba. Ngoja nisome kwanza."

Akasoma. Mstari wa tano ulisema chumba cha mbele kinarudi kwa mwenye nyumba. Akausoma tena.

"Na nisiposaini?"

"Utafute pa kwenda. Mkataba wa marehemu umekufa naye."

Utaratibu tu, eti! Watu wengine hawana haya. Lakini fundi hakugombana. "Niachie hizi karatasi," alisema. "Njoo kesho kutwa."

Kijana alipotoka tu, fundi akamwita wifi yake, karani wa mahakama, mwanamke mwenye mdomo usiopumzika.

"Umesaini?" wifi aliuliza hata hajakaa.

"Sijasaini."

"Afadhali! Leo umetumia kichwa. Sahihi ni maji, wifi yangu, ikishamwagika haizoleki." Akasoma zile karatasi, akasonya. "Mkataba haufi na mtu. Aliyerithi nyumba karithi na wapangaji wake. Wako unaisha lini?"

"Bado miaka miwili."

"Basi mpaka uishe, kukuomba usaini mwingine anaweza, kukulazimisha hawezi. Lete huo wa zamani tuuone."

Fundi akainamisha kichwa. Alikumbuka msimu wa harusi, kazi zimemfika shingoni, na ile karatasi ilivyokuwa nene, nzuri.

"Nimeukata kola," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeukata nini?"

"Kola. Na mifuko miwili."

Wifi alicheka mpaka akashika meza. "Mkataba wa nyumba unawavisha watu kola! Kaka yangu alioa maajabu." Fundi hakucheka. Alishainuka kwenda msumarini.

Wakashusha msumarini mafungu yote, wakayamwaga juu ya meza. Kola ikapatikana, ina aya ya vyumba viwili. Mfuko mmoja ukapatikana, una sahihi ya marehemu. Wakavibana kwa pini juu ya kitambaa. Mfuko wa pili, wenye tarehe ya mwisho wa mkataba, waliutafuta siku mbili hawakuuona.

Kijana akarudi. Alipouona mkataba umejaa pini, akaangua kicheko. "Mama, hii ndiyo haki yako? Tarehe iko wapi?"

Wifi ndiye aliyejibu, safari hii taratibu. "Baba, mkataba huandikwa nakala mbili. Ya mzee unayo wewe. Ukikataa hapa, utaulizwa mbele ya hakimu. Itoe basi, tulinganishe."

Kijana akautazama mkoba wake. Akamtazama wifi, akaona hapa hapapitiki. Akafungua, akatoa nakala ya baba yake, nzima, safi, na tarehe yake: miaka miwili mbele. Kumbe alikuwa nayo tangu siku ile ya kwanza!

"Sikuisoma vizuri," alisema, macho chini.

"Sasa umeisoma," wifi akamwambia.

Kijana akaomba nakala ipigwe kopi, fundi abaki na yake. Akachukua karatasi zake mpya, akaaga kwa adabu zote, akaondoka.

Fundi akakaa juu ya rundo la vitambaa, akalia machozi ya raha, bila kuyafuta. Mlangoni mteja alikuwa amesimama, gauni mkononi.

"Fundi, nije siku nyingine?"

"Ingia, mama, ingia!" alisema huku analia na kucheka. "Mimi nipo hapa."