Jirani Niliyekuwa Nikikimbia Naye

Watu wa hapa wakisikia natoka Kenya huuliza kama nakimbia. Kwa miaka niliwajibu kwamba mimi ni wa Machakos, na kwetu tulikimbia pale tu mvua ilipotunyeshea. Nilianza kukimbia nikiwa na miaka thelathini na tisa, Guildford, magharibi mwa Sydney, majira ya baridi ya lokdauni ile ndefu. Sikuanza kwa kupenda. Katika wilaya zetu ilifika mahali mtu haruhusiwi kutoka nyumbani ila kwenda kazini kwa kibali, kununua chakula, kumwona daktari, au kufanya mazoezi saa moja kwa siku, si zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni kwake. Helikopta ya polisi ilizunguka juu ya mapaa yetu tangu asubuhi. Kwenye televisheni tuliwaona watu wa upande wa mashariki wa mji wamejilaza kwenye mchanga wa fukwe zao, na sisi tunahesabu dakika.

Nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Westmead. Mwezi ule tulikuwa tumewapoteza wazee kadhaa, na jamaa zao waliwaaga kwa kusimama nje ya dirisha, kiganja kwenye kioo. Nikirudi nyumbani sikuwa na wa kumsimulia. Niliishi peke yangu katika flati ya chumba kimoja, jengo la matofali mekundu lenye ghorofa tatu, na kamba za kuanikia nguo uani zilikuwa za wote.

Hapo kwenye kamba ndipo nilipozoeana na jirani yangu. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mama wa watoto wanne, anayeishi flati ya chini na mumewe aliyefanya kazi kwenye ghala. Kiingereza chake kilikuwa kidogo sana. Kiswahili chake na changu vilipishana, lakini tulielewana. Nikishindwa neno anacheka na kunionyesha kwa mikono. Aliniita dada nami nikamwita dada. Siku moja, akibana shuka, aliniambia kuwa kichwa chake kinataka kupasuka. Watoto wanasoma kwenye simu, mume amelala mchana kwa sababu ya shifti, hakuna pa kupumulia. Nikamwambia sheria inaruhusu watu wawili kufanya mazoezi pamoja. Alifikiri kidogo, akauliza kama ni lazima kukimbia kweli au mtu anaweza kujifanya.

Tulikimbia kweli. Mimi ndiye niliyeweka masharti, kwa kuwa nilikuwa mtu wa afya na nilijiona najua. Tusikimbie bega kwa bega bali mmoja mbele mwingine nyuma, tukiachiana hatua za kutosha. Barakoa ikae mkononi, na mara tu ukipunguza mwendo uivae, kwa sababu sheria ilimruhusu kuivua mtu anayehema kwa mazoezi tu, siyo anayetembea. Ukikutana na mzee, shuka kwenye nyasi umwachie njia. Kama njia ni nyembamba na hakuna pa kushukia, geuza uso ukutani mpaka apite. Usiteme mate. Usisimame kupiga gumzo. Aliyashika yote kuliko mimi. Nilipotupa jicho nyuma nilimwona ameshuka kwenye nyasi kwa ajili ya mtu aliye mbali bado, amesimama wima kama mwanafunzi.

Njia yetu ilifuata bomba kubwa la maji linalokatiza mitaa ile. Asubuhi palikuwa na baridi ya kuuma vidole, na pumzi zetu zilitoka kama moshi wa jiko. Wiki za mwanzo hatukufika mbali. Yeye alivaa kanga juu ya suruali na viatu vya shule vya binti yake mkubwa. Baadaye mumewe alimpatia raba. Siku moja tulipokuwa tukijinyoosha getini aliniambia, bila kubadilisha sauti, "Dada, miye nilishakimbiaka sana. Lakini kukimbia hivi, bila mutu iko nyuma yako, sijakimbiaka." Nilijua machache tu ya vita vyao, na sikuuliza.

Majira yalipoanza kugeuka na ndege weusi kwa weupe wakaanza kushambulia vichwa vya wapita njia ili kulinda viota vyao, aliniomba kitu. Alitaka kuona mto. Kwao Bukavu ukifungua dirisha unaliona ziwa, na tangu mji ufungwe hakuwa ameona maji zaidi ya yale ya sinki. Nilitazama kwenye simu. Mduara wa kilomita tano uliishia kabla kidogo ya mto wa Parramatta, na kwenda na kurudi, kwa miguu yetu, kungepita saa moja. Nilijua. Nilimwambia tutakwenda haraka na kurudi haraka, nani atatupimia.

Tulifika tukitweta. Mto wenyewe ulikuwa wa rangi ya chai, umetulia, na karatasi za plastiki zimenasa kwenye matete ukingoni. Alisimama akautazama dakika kama tano hivi. Kisha akakaza kamba za raba akaniambia twende.

Tulikuwa tunarudi, tumeingia kwenye bustani moja ndefu yenye njia ya saruji. Mimi nilikuwa mbele, yeye nyuma yangu hatua thelathini hivi, kwa sababu alikuwa amechoka. Kwenye kona walikuwa wamesimama polisi wawili, mwanamke kijana na mwanamume, na pamoja nao wanajeshi wawili. Serikali ilikuwa imewaleta wanajeshi mitaani kwetu kusaidia polisi. Hawakuwa na bunduki. Walivaa tu zile nguo za madoadoa, mikono nyuma, wakionekana kuchoka na baridi kama sisi.

Mimi niliwapita. Nikasikia nyuma yangu kwamba nyayo zake zimekoma. Nilipogeuka nilimwona amesimama katikati ya njia, mikono imeganda kifuani, barakoa ameikunja kwenye ngumi. Hakuwa anakimbia, wala hakuwa ameivaa. Polisi mwanamume aliinua mkono akamwendea.

Yule polisi mwanamke alinitazama mimi. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, "Mko pamoja?"

Nami nikasema, "Hapana."

Ninaweza kueleza. Nilikuwa na viza ya kazi, na ombi langu la ukaazi wa kudumu lilikuwa mezani kwa mtu. Kazini tulikuwa tumeambiwa kwamba mhudumu atakayevunja amri za afya ya umma atajieleza. Yote hayo yalinipitia kichwani. Lakini nikisema kweli, neno lilitoka kabla sijafikiri hata moja kati ya hayo. Sababu zilikuja baadaye, zikajipanga nyuma ya neno.

Aliniambia basi niendelee, nisisimame. Nikageuka nikaanza kukimbia. Nilimsikia yule mwanamume akimwuliza anakaa wapi, akipaza sauti na kuvuta kila neno, kama tunavyofanya tukidhani mtu asiyejua lugha ni kiziwi. Nilimsikia jirani yangu akisema haelewi, kwa Kiswahili. Halafu akaita, "Dada."

Aliita mara moja tu. Hakuna aliyejua neno lile isipokuwa mimi. Kilichohitajika pale kilikuwa mtu wa kumfasiria maneno mawili matatu, na mimi nilikuwa hatua kama hamsini mbele yake, nimevaa raba, nakwenda.

Nyumbani nilivua raba. Kisha nikasimama dirishani. Alitokea baada ya muda mrefu, anatembea, barakoa imempanda mpaka chini ya macho, karatasi mkononi. Niliteremka kwa ngazi mbiombio. Tulikutana kwenye ukumbi mwembamba wa chini, pale penye masanduku ya barua. Sijui nilitaka kusema nini. Aliponiona alirudi nyuma hatua mbili, akageuza uso ukutani, akasubiri nipite. Nilisimama. Naye hakugeuka. Mwishowe nilipita, nikatoka nje ambako sikuwa na shughuli, nikasikia mlango wake ukifungwa.

Siku mbili baadaye nilimkuta mumewe kwenye kamba, anaanika nguo za watoto. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye adabu. Alinieleza kwamba mama watoto amepewa faini, ya barakoa na ya kwenda mbali na nyumbani. Walimpigia mkalimani kwa simu, lakini Kiswahili cha yule mkalimani kilikuwa cha kitabuni na sauti ilikatika, na mkewe kwa hofu alikuwa akijibu ndiyo kwa kila kitu. Jambo moja tu ndilo alilolijibu vingine. Walimwuliza kama alikuwa na mwenzake, akasema hapana, yuko peke yake.

"Bahati mbaya siku ile ulikuwa kazini, dada," alisema. "Ungekuwepo, ungemusaidia kusema."

Nilielewa kwamba hata yeye, mumewe, alikuwa ameambiwa hivyo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli, tumesimama hapo, yeye na kibanio mdomoni. Nikamwambia, "Pole sana, shemeji." Nikakusanya taulo zangu zikiwa bado mbichi.

Jirani yangu hakutoka tena. Nilikuwa nikipita chini ya dirisha lake asubuhi kwenda kukimbia, na baada ya wiki moja nami nikaacha kukimbia. Nguo zao sasa alianika mume. Kila nilipomwuliza hali ya dada, alisema hajambo, kisha siku moja alisema si mzima. Alisema halali. Amepanga viatu vya watoto wote mlangoni, ncha zikielekea nje, na mfuko wenye vyeti vyao ameuweka juu ya viatu. Watoto wanamcheka, wanamwambia kwa Kiingereza kwamba hapa hakuna vita. Helikopta ikipita anawaita wote wakae chini, mbali na madirisha. Mume aliniuliza, kwa kuwa nafanya kazi na wagonjwa, kama kuna dawa ya hiyo. Nilimpa namba ya kliniki inayohudumia wakimbizi. Nilipika mara moja sufuria ya pilau nikaiacha mlangoni kwao, nikabisha hodi nikasogea. Kesho yake nilikuta sufuria mlangoni kwangu, imeoshwa, inang'aa. Sijui kama walikula.

Mji ulifunguliwa. Watu walipanga foleni kwa vinyozi, wakakumbatiana mabarazani. Muda si mrefu wale majirani wakahamia Mount Druitt, kwenye nyumba ya kodi nafuu yenye ua wake. Siku ya kuhama nilikuwa kazini, safari hii ni kweli.

Barua ya ukaazi wangu ilikuja mwaka uliofuata. Naandika hili kwa sababu ndilo linalonitia aibu zaidi ya yote: ni baada ya barua ile kufika, nikiwa salama kabisa, ndipo nilipopata ujasiri wa kupanda treni kwenda kumwomba msamaha.

Alinipokea vizuri. Alikuwa amepungua, na nywele zake mbele zilikuwa na mvi. Aliniletea chai na maandazi, akauliza habari za mama yangu. Mumewe alikuwa nje anatengeneza baiskeli. Nilisubiri mpaka watoto walipoingia vyumbani, nikamwambia. Nilimwambia niliulizwa nini na nilijibu nini, na kwamba nilimsikia akiniita. Nilimwambia habari ya viza. Alisikiliza akitazama kikombe.

"Nilijua," alisema. "Nilikusikia, dada. Ile Kiingereza kidogo ya *no* miye naijua."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunitaja.

Aliweka kikombe mezani. Kisha alisema kwamba walipokuwa wakikimbia kwao, mwaka ule wa vita, alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeumia mguu. Watu walikuwa wengi barabarani. Mdogo wake alimwita. "Miye nilikuwa na mutoto mugongoni na mwingine mukononi," alisema. "Sikugeuka. Kwa hiyo nilikusamehea palepale mu njia, mbele hata bapolisi hawajamaliza kuandika. Lakini usikuje tena, dada. Nikikuona, nasikia sauti yake."

Hakulisema kwa ukali. Aliniongezea chai. Nilikunywa kwa sababu ameimimina, na tukaongea habari za shule ya watoto mpaka kikombe kikaisha.

Mumewe alisisitiza kunipeleka stesheni kwa gari, maana mabasi ya Jumapili ni ya kubahatisha. Njiani alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliniambia mkewe anaendelea, anakwenda kliniki ile niliyowapa, usiku anapata usingizi wa saa nne au tano. Alisema anamkumbuka jinsi alivyokuwa akirudi kutoka kukimbia na mimi, jasho limemlowesha, anacheka, anawaamsha watoto kwa maji ya baridi. Alisema zilikuwa wiki chache lakini zilimsaidia sana. Tulipofika aliteremka kunifungulia mlango, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ulikuwa jirani mzuri, dada," alisema. "Mungu akubariki."

Nikamwambia asante. Nilipanda ngazi za stesheni, na kutoka juu pale nilimwona bado amesimama kando ya gari, anangoja treni yangu iondoke.